Gramafoni ya Dada Kache na Mtambo wa Wati Mia Tatu

Majengo, Mombasa
Jumatatu, 21 Agosti 1995

Kwa ndugu yangu Kiti,

Gramafoni yangu imetoweka nyumbani kwangu Jumamosi tarehe 12 Agosti 1995, kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana. Nimelitanguliza hilo usije ukasema hukuliona. Sasa salamu.

Hujambo? Baridi ya Nairobi yasemaje? Sisi hatujambo. Mama huko Kaloleni tumemwacha mzima. Magoti ndiyo yanamsumbua, lakini ulimi wake ungali msichana. Matanga ya baba mdogo yalikwisha vizuri, watu wakala wakashiba. Kila aliyeniuliza, "Mbona Kiti hakuja?" nilimjibu, "Yuko kwangu likizoni, amebaki ananilindia nyumba." Wakasema, "Ndugu ndiye huyo." Nami nikaitikia kwa kichwa. Binti yangu Winnie anakusalimu. Amepata cherehani ya kujifunzia na sasa nyumba nzima imetiwa viraka ambavyo haikuviomba.

Nije kwenye lenyewe. Nilirudi Jumatatu na kikapu cha mihogo kichwani. Nafungua mlango, pale lilipokaa kabati la gramafoni pana kitu cheusi kinang'aa kama kiatu cha askari, spika mbili ubavuni, na karatasi: "Dada, zawadi yako. Ya kale yapumzishe." Nawe umekwisha kupanda treni ya Jumapili. Jirani aliona kila kitu: mkokoteni, wachukuzi wawili wa Marikiti, na wewe nyuma umeishika gramafoni yangu kwa mikono miwili kama asindikizaye bi harusi.

Kiti, wajua ile si pambo. Nimeosha masufuria ya pilau ya harusi za watu miaka minne mpaka nikainunua, mwaka 1968. Imefanya kazi miaka ishirini na saba, harusi mia tano na arobaini na tatu, zote nimeziandika. Kwenye kupamba bi harusi Mji wa Kale mwanamume haingii, na ndiyo maana nipo mimi. Nakaa na wanawake, naangalia nani ameguswa na ubeti gani, na wakipiga kelele "Rudisha!" nanyanyua sindano kwa kidole na kuiweka mwanzo wa ubeti uleule, si wa juu yake wala wa chini. Santuri nazijua kwa macho. Ubeti wa tatu wa ile ya lebo nyekundu uko upana wa punje mbili za mchele kutoka wa pili.

Jumamosi tarehe 2 Desemba Bi Swafiya wa Kibokoni anamwoza mjukuu wake. Nyumba ile nimeipigia harusi kumi na tisa, pamoja na ya mamake huyu bi harusi. Hii ni ya ishirini na nimekwisha kutoa neno langu.

Kwa hiyo swali ni moja: iko wapi?

Dada yako,
Kache


Nairobi
Jumatatu, 4 Septemba 1995

Dada yangu mpendwa Kache,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa heshima. Kisha nikaisoma nimekaa, kwa hofu. Poleni kwa matanga, na pole ya magoti ya Mama. Mwambie nitamtumia ile dawa ya kuchua yenye harufu ya kumwamsha maiti. Mimi mzima. Ghalani kazini tuna magunia mengi kuliko watu, na nyumbani ndiyo hivyo unavyojua, tangu marehemu mke wangu Joy aniache sufuria moja yanitosha wiki.

Kuhusu gramafoni, tulia. Ilikuwa mgonjwa, dada. Ilikohoa usiku wa kwanza nilipolala kwako, nikaihurumia. Nimeipeleka kwa fundi Chonga hapo hapo Mji wa Kale aitazame vizuri, asiharakishe.

Lakini kwa nini waililia na nimekuachia mtambo kama ule? Nilisoma kibandiko nyuma ya gramafoni yako: wati nane! Huu una wati mia tatu. Gawa mia tatu kwa nane, wewe ndiye bingwa wa hesabu katika nyumba ya Mzee Baya, nipe jibu. Ile yataka dakika mbili ipate moto kabla haijasema neno, kama mzee aliyeamshwa. Huu wabonyeza tu, umeanza. Una milango miwili ya kanda, una sinia ya CD inayotoka nje kama ulimi, una vitaa vya kijani vinavyopanda na kushuka na wimbo. Hata mwanzo wa wimbo wautafuta wenyewe, wewe umekaa na rimoti yako unakunywa chai. Hiyo ndiyo raha niliyokutakia.

Tena nina shahidi. Ubavuni mwa barua yako pana mwandiko mwingine, mdogo mdogo: "Mjomba, usimwamini. Kila asubuhi anafagia na rimoti mkononi." Msalimu sana Winnie. Mpe uhuru wa kupeleka barua posta kila mara.

Mdogo wako,
Kiti


Majengo
Jumatano, 13 Septemba 1995

Kiti,

Salamu. Mama amepata dawa yako. Amejichua, majirani wamehama upande wa pili wa uwanja, yeye anasema ahsante. Winnie mzima na barua sasa napeleka posta mwenyewe. Rimoti naishika ili isipotee. Vitu vidogo hupotea, na vikubwa pia, kama ulivyonifunza.

Mia tatu ukigawa kwa nane ni thelathini na saba na nusu. Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nimekwenda kupima.

Gramafoni nilikwisha kuipima mwaka 1979, harusi ya binti wa mwisho wa Bi Swafiya, jirani mmoja aliposhitaki ati anapigiwa kelele. Niliiweka dirishani ghorofani nikashuka, nikahesabu hatua kwenye kichochoro. Hatua themanini na nne, na kila neno nalisikia. Jana nimeubeba mtambo wako mpaka nyumba ileile, dirisha lilelile, wimbo uleule nilioununua kwenye kanda. Nikashuka. Neno la mwisho nililolielewa, hatua ya ishirini na mbili. Baada ya hapo ni dum, dum, dum mpaka hatua ya mia na tisini, nilikomkuta mzee muuza kahawa amekishikilia kila kikombe. Akaniambia, "Bibi, hivi vinataka kuondoka." Bi Swafiya naye akachungulia dirishani: "Kache, chokaa ya dari yaniangukia kwenye mtandio!" Kwa hiyo wati zako mia tatu ziko, sikatai. Zimekwenda kwenye dari na vikombe.

Nisikuonee, mazuri yake nayasema. Gramafoni ni kilo hamsini na nane, huu wako pamoja na spika ni kumi na moja, naubeba bila mchukuzi. Taarifa ya habari nasikia kama msomaji yuko jikoni kwangu anangoja chapati. Mkwaruzo hauna hata kidogo. Ningekuwa mtu wa kukaa nyumbani ningesema ahsante na kunyamaza. Lakini wanawake hawaji kupamba kusikia dum. Wanakuja kusikia nani amesemwa. Neno lisiposikika, nani atasimama atuze, na atamtazama nani akiwa anatuza?

Halafu nikapita kwa fundi Chonga. Amenitazama kama nimemwuliza habari za tembo. Gramafoni yangu hajaiona tangu mwaka 1991 alipoitia mkanda mpya. "Mama Winnie," ananiuliza, "kwani imekufa?" Nikamwambia, "Sijui, fundi. Nimenyimwa maiti."

Jumamosi tarehe 23 nina harusi mtaa wa Kuze, nitakwenda na mtambo wako kwa kuwa sina lingine. Nijibu kabla yake.

Kache


Nairobi
Jumatatu, 9 Oktoba 1995

Dada Kache,

Shikamoo, na msamaha mbele. Nimechelewa kwa sababu ya hesabu ya ghala. Tumehesabu magunia mpaka nikawa nayahesabu usingizini. Natumaini harusi ya Kuze ilifana. Mama aendelee kujichua. Mimi mzima kabisa, nimenenepa kidogo. Nimejifunza kupika mbaazi za nazi siku za Jumapili, na nimetia mapazia mapya sebuleni, ya rangi ya samawati. Mtu asiishi kama mlinzi wa ghala hata nyumbani kwake.

Nilisema Chonga? Kalamu iliteleza. Ni fundi mwingine, rafiki yake Chonga, mtu mwema sana, ila amekwenda Lamu kwenye msiba na karakana ameifunga. Akirudi tu, utaona.

Kuhusu hatua zako, nimecheka, nimekubali nusu. Nusu nyingine nasema hivi: ulipima mtambo wa leo kwa kichochoro cha zamani. Ule umetengenezewa sebule, mtu akae katikati ya spika mbili, fidla ya kulia ilie kulia na ya kushoto ilie kushoto. Gramafoni yako kila kitu chatoka tundu moja, waimbaji na ala wamebanana kama abiria wa feri. Mtu wa haki angesema kila kitu na mahali pake.

Kando ya hayo, ukipita kwa Chonga ninunulie sindano mbili za gramafoni. Kuna rafiki kazini anazihitaji. Na santuri ikiwa yaruka ubeti wa pili, ulikuwa ukiweka nini juu ya mkono wa sindano, sarafu au kipande cha kibiriti? Nauliza tu.

Mdogo wako,
Kiti


Majengo
Jumatatu, 16 Oktoba 1995

Kiti Baya,

Wote wazima. Mama mzima, Winnie mzima. Mimi ndiye nimeumwa, na si mwili.

Harusi ya Kuze haikufana. Alasiri, ukumbi umejaa, bi harusi amekaa kwenye jukwaa lake, naweka kanda. Ukaja wimbo wa kumsifu mkwe. Mamake bwana harusi akasimama, wenzake wakasimama naye, na mtu akapiga kelele, "Rudisha!" Kwa gramafoni ningenyanyua sindano kwa kidole. Nimeshika rimoti, nimebonyeza, na mtambo wako wenye akili ukaanza kutafuta mwanzo wa wimbo wenyewe. Ukaupita. Ukaenda kusimama kwenye wimbo ulio nyuma yake, ule wa kumcheka mwanamke aliyeletewa mke mwenza. Na huyo mama aliyesimama katikati ya ukumbi na shilingi mkononi ameletewa mke mwenza mwaka huu huu, baada ya Idi.

 Kisha bibi mmoja akaniuliza taratibu, "Kache, umetumwa na nani?"

"Sikutumwa na mtu, bibi. Ni mtambo."

"Mtambo umejuaje?"

Wewe ni mwanamume, lakini umekulia pwani, waelewa. Wimbo hauji wenyewe kwenye kupamba. Wimbo hutumwa. Miaka ishirini na saba sijawahi kutumika kumsema mtu, ndiyo maana nyumba zote zanifungulia mlango, hata zile zisizosalimiana. Nimekwenda kwa yule mama mara tatu na halua kumwomba radhi. Ya tatu ndiyo akacheka. Waliosimama siku ile, nimehesabu, kumi na mmoja. Harusi ya mwisho ya gramafoni walikuwa thelathini na wanane.

Habari ikafika Kibokoni kabla yangu. Bi Swafiya akaniita: "Kache, mimi namtaka Kache na santuri zake. Ukinijia na kile kidude, namchukua Joab." Joab ni yule wa disko hapa Majengo, mwenye spika kama makabati ya nguo. Kwa kuwa haingii kwa wanawake, atakaa nje kichochoroni na kupitisha waya dirishani, awapigie asiowaona. Amekwisha kupima urefu wa waya. Nimemkuta akipima. Akanisalimu kwa upole sana, na huo upole ndio ulionichoma.

Sasa sindano. Mtu asiye na gramafoni ataka sindano. Mtu ambaye gramafoni iko kwa fundi, na fundi yuko Lamu, auliza habari ya sarafu juu ya mkono. Nikavaa viatu nikaenda stesheni. Karani wa vifurushi, Nicodemus, muungwana, akanifungulia kitabu akaweka kidole. Jumapili 13 Agosti: kabati la mbao moja, kilo hamsini na nane, kwenda Nairobi. Mpelekaji, Kiti Baya. Mpokeaji, Kiti Baya.

Umejitumia mwenyewe! Na Lamu, ndugu yangu, hakuna reli.

Nieleze yote. Usinijazie karatasi kwa magoti ya Mama, hayo nayajua kuliko wewe. Sindano mbili nimezitia kwenye bahasha hii, nimezifunga kwa pamba, kwa sababu sindano kuukuu hula santuri na santuri hazina kosa. Ni sarafu, ya senti kumi.

Kache


Nairobi
Jumatatu, 6 Novemba 1995

Dada yangu Kache,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku kumi na saba. Sindano nilizitia siku ya kwanza; maneno ndiyo yalichelewa.

Gramafoni iko kwangu. Iko sebuleni, karibu na dirisha lenye mapazia ya samawati. Nimeipangusa kila jioni. Haikuwa inakohoa.

Pale kazini, ofisi ya mbele, kuna mama anaitwa Mutanu. Anapiga taipu. Kwao ni Machakos, mumewe alikufa zamani, umri wake arobaini na sita. Mwezi wa sita nilimkaribisha chai, na siku hiyo nilikuwa nimenunua mtambo mpya, huo huo ulio kwako sasa. Nilitaka anione mtu wa kisasa. Nikaweka CD, nikawasha vitaa vyote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni safi," kama mtu anavyosifu chai isiyo na sukari. Kisha akaniambia babake alimwachia santuri ishirini na tatu na hana pa kuzipigia. Akasema, "Kwa baba, kabla wimbo haujaanza kulikuwa na ule mkwaruzo. Sisi watoto tukiusikia, tunanyamaza wote." Hakumaliza kikombe.

Usiku ule niliukumbuka mkwaruzo wa sebuleni kwako. Dada, huo mtambo hauna kitu cha kuwanyamazisha watu kabla. Unaanza tu.

Nilikuja Mombasa kukuomba gramafoni, na mtambo nimeuleta kwenye boksi tubadilishane. Ndani ya treni nilikuwa nikijizoeza maneno. Jioni ya kwanza tunakula, ukasema, "Na wewe Kiti na mvi hizo, usije ukaniletea habari za kuoa." Ulikuwa unacheka. Mimi nikameza tonge na maneno pamoja. Kesho yake ikaja habari ya matanga, ukaondoka, na mlango ukabaki na mimi.

Ya Kuze yameniumiza. Kama ningejua, ningekuja kuiomba radhi Kuze yote mwenyewe.

Mutanu amekuja Jumapili kumi na moja. Anafika saa tisa, anaondoka saa kumi na mbili. Naweka santuri, tunasikiliza, tunakula mbaazi, anaosha vikombe, anakwenda. Neno la maana hatujasema hata moja. Na hapo ndipo nilipokwama. Sijui anakuja kwangu au anakuja kwa gramafoni. Nikiirudisha nitajua, na hilo ndilo ninaloliogopa kuliko hasira yako.

Niachie mpaka mwaka mpya. Nakuomba.

Kiti wako


Majengo
Jumatatu, 13 Novemba 1995

Mdogo wangu Kiti,

Hujambo, mwizi? Sisi hatujambo. Jumamosi nilikwenda Kaloleni nikamsomea Mama barua yako yote. Alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akauliza, "Huyo mwanamke, anakula mbaazi za Kiti Jumapili kumi na moja?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi ana moyo." Winnie amelia kwenye kitambaa cha mteja na sasa anakifua.

Kwanza langu. Lile neno la kuoa nililisema, na nalifuta. Nilikuona umekaa pale kwangu na mvi zako, unakula vizuri, nikafurahi kuwa nina ndugu wa kuja likizo, nikaogopa kuwa na mtu wa kugawana naye ndugu huyo. Sikujua kama ni hivyo mpaka nilipoisoma barua yako. Haya, limekwisha.

Sasa hesabu, kwa kuwa wewe unaogopa na mimi sina muda.

Jumapili kumi na moja, saa tatu kila moja, ni saa thelathini na tatu. Santuri ishirini na tatu, pande mbili, kila upande dakika tatu: dakika mia na thelathini na nane, yaani saa mbili na dakika kumi na nane. Ina maana mwanamke huyo amezisikiliza zote, mwanzo hadi mwisho, mara kumi na nne. Toa chai, toa mbaazi, toa kuosha vikombe: mara kumi. Kiti, nimepiga santuri miaka ishirini na saba, nimewaona wanawake wanaozipenda mpaka wanalia. Hakuna anayesikiliza santuri zilezile za babake mara kumi kwa ajili ya santuri. Gramafoni ingekuwa ndiyo anayoitaka, angekwisha kukuomba umwazime. Wanawake wa kupiga taipu hawana haya ya kuandika ombi.

Sasa sikiliza. Jumapili tarehe 19 akija, usiweke santuri. Nyamazeni. Muulize. Akikukatalia, utalia wiki moja na utakuja kwangu ule samaki. Akikukubali, utakuja kwangu ule samaki vilevile, kwa hiyo samaki nitanunua.

Gramafoni ipande treni Jumanne tarehe 28, ilazwe chali, mkono wa sindano ufungwe kwa kitambaa. Nitaipokea stesheni mimi mwenyewe na Nicodemus. Tarehe 2 Desemba naingia kwa Bi Swafiya nayo, na Joab aweke waya wake mfukoni. Mwanamume haingii, wewe utakaa nje kwenye baraza na wenzako mkinywa kahawa na kuhesabu hatua. Lakini Mutanu ni mwanamke. Mwambie dada yako anataka mtu wa kukaa naye ukumbini, wa kumpa santuri mkononi moja baada ya moja, asiyezishika kwa vidole vyenye mafuta. Ameshika za babake miaka yote, anajua. Aje na zake pia.

Mtambo wa wati mia tatu haurudi. Zawadi hairudishwi, na asubuhi nina kazi nao.

Ijumaa tarehe 24 Novemba nitakuwa dukani kwa Dzoro, penye simu, kuanzia saa tisa. Nimemwambia Dzoro asimpe mtu simu hiyo mpaka saa kumi kamili ipite. Baada ya saa kumi naondoka, na Jumatatu napanda treni kuja kuifuata gramafoni yangu na kumwuliza mama huyo mwenyewe, kwa sauti yangu hii unayoijua, mbele ya ofisi yenu nzima.

Kwa hiyo ukipiga usinisalimu, usiniulize Mama, usinieleze habari za magunia. Niambie moja tu: umemwuliza, naye amekujibu ndiyo au hapana?

Dada yako,
Kache